Kuku wawili wa mzee na mbegu ya pinki

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, ile wiki ambayo mvua imeshapiga mara mbili na kila mtu Mbeya anaamka na haraka ya kupanda, duka letu hapa Uyole lilikuwa halina pa kukanyaga. Foleni ya mbolea ya ruzuku imetoka hadi nje, mtandao unazunguka tu haufunguki, watu wamenuna. Katikati ya fujo hiyo nikamwona mzee mmoja kasimama pembeni kwenye majembe, hasemi kitu. Namjua kwa sura, anatokea kule Inyala, mteja wa mfuko wa kilo mbili kila msimu. Nikamwamkia, shikamoo mzee wangu, akaitikia marahaba mwanangu, akanyamaza tena.

Akasubiri watu wapungue. Walipopungua akasogea kaunta, akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa kunjwa, akakifungua taratibu kama mtu anafungua vidonge vya hospitali. Ndani kuna punje kama kumi za mahindi, za pinki ile inayong'aa, zimeacha madoa kwenye karatasi.

"Mwanangu, umeniuzia jiemuo."

Alimaanisha GMO, zile mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabara. Mi nikacheka, na hapo nikakosea, maana mzee aliniangalia vile ambavyo baba yangu alikuwa ananiangalia nikiharibu jambo.

"Usicheke. Nimewapa kuku. Wawili wamekufa."

Basi ikabidi nifunge mlango nusu, nimvutie kiti. Stori yenyewe ni kwamba kijana wake aliyeko Dar aliweka voisi kwenye grupu la familia la WhatsApp, zile voisi zimeshapita kwa watu elfu moja kabla ya kukufikia wewe, jamaa anaongea kwa sauti nzito kama ya muhubiri anasema mbegu za siku hizi zimewekwa kitu, wanawake hawatazaa, udongo utakufa, na hata wanyama wenyewe wanajua, mpe kuku uone. Mzee akafanya kama alivyoambiwa. Akachukua konzi ya mbegu aliyonunua kwangu, akawamwagia kuku uani. Asubuhi wawili chali.

Nilikaa na hili jambo siku nyingi. Kwa sababu ukifikiria, yule mzee alifanya utafiti. Alikuwa na dhana, akaijaribu, akapata majibu, tena majibu ya kweli kabisa, kuku wamekufa na mbegu imewaua. Kilichokosekana ni kuku wengine wa upande wa pili, wapewe mahindi ya aina ile ile ila hayajapakwa dawa. Kilichoua ni ile dawa. Mbegu nyingi za dukani zinapakwa dawa ya wadudu na ya ukungu ili zisiliwe zikiwa bado ardhini, halafu inaongezwa rangi makusudi, pinki, kijani, bluu, ili mtu akiiona tu ajue hii haiendi jikoni. Rangi ni bendera ya hatari. Ungechukua mahindi ya kienyeji ya bibi yako, yale yanayoning'inia juu ya moshi jikoni, ukayapaka dawa ile ile, kuku wangekufa vile vile.

Na onyo liko kwenye mfuko. Nilimfungulia mzee nikamwonyesha, kuna kifuvu, kuna maneno, Kiswahili kipo ila kwa herufi ambazo hata mimi mwenye macho yangu niliinamisha mfuko kwenye mwanga. Mzee akauliza swali moja tu. "Sasa wewe hukuniambia kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nauza mbegu mwaka wa nane huu na sijawahi kumwambia mteja usiwape kuku. Nasema tu punje mbili kila shimo, mbolea kiasi hiki, haya karibu tena.

Kabla sijaendelea niungame na lingine. Miaka kadhaa nyuma nilienda semina ya siku mbili ya wauza pembejeo, nikarudi na daftari na maneno mapya, na mi nikipata neno jipya sikai nalo ndani. Mteja akiniuliza hii mbegu ikoje namwambia, dada hii imeboreshwa vinasaba. Nilikuwa namaanisha chotara, mbegu ya kawaida tu iliyozalishwa na watafiti. Wiki mbili baadaye nasikia huko vijijini, yule dada wa pale Uyole anauza GMO. Nilibaki na mifuko arobaini hadi ikaisha muda wake. Hakuna adui aliyenichafulia biashara, ni mdomo wangu mwenyewe.

Nachotaka kusema ni kwamba vita yote ya GMO nchi hii imejaa maneno yanayogongana. Tunasema kuku wa kisasa, nyanya za kisasa, mbegu za kisasa. Halafu ukisoma nyaraka za serikali, GMO zinaingia kwenye kitu kinaitwa bioteknolojia ya kisasa. Kisasa ni ile ile! Mama wa Ilula anayelima nyanya zile ngumu zinazofika Dar bila kupasuka atajuaje kwamba nyanya yake haimo humo? Nimeshaulizwa kama parachichi za Rungwe za kubebesha ni GMO. Nimeshaulizwa tikiti lisilo na mbegu. Kuhusu kukosa mbegu huwa nawauliza, na ndizi unazokula toka utotoni Tukuyu uliwahi kuona mbegu yake? Wanacheka, tunaelewana.

Mzee nilimweleza kwa gunzi. Nina gunzi moja nimelitunza chini ya kaunta, mahindi meupe ila katikati kuna punje za njano kama kumi na tano zimetawanyika tawanyika. Kila mkulima huku ameshaliona gunzi kama hilo. Nikamuuliza, hizi njano zimetoka wapi? Akajibu hapo hapo, jirani kapanda ya njano, upepo umeleta. Basi mzee anaijua chavua, anaijua mbelewele, hahitaji mtu aje amchoree ubaoni.

Nikamwambia mbegu chotara ni hiyo hiyo kazi ya upepo ila mtu ameisimamia. Wanapanda mistari ya mama na mistari ya baba, za mama wanang'oa mbelewele zote kabla hazijamwaga, inabaki baba peke yake kutia chavua, mtoto anayezaliwa hapo ana nguvu kuliko wazazi. Ndo zile UH 615 na UH 6303 zilizotoka kwa watafiti hapa hapa kituo cha Uyole, siyo mbali na duka. Ni hindi limeoa hindi. Ukizipanda tena mwaka wa pili hazikatai kuota, ila watoto wanatawanyika, mmoja karithi kwa babu mwingine kwa bibi, mavuno yanashuka.

Akasema, aah, mi nilijua wameziwekea kitu zisizae.

Na hapa nisiwe mjuaji sana maana huo uvumi haukuota hewani. Mwaka 1998 huko Marekani kampuni ya mbegu za pamba pamoja na wizara yao ya kilimo walipewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya teknolojia ya kufanya mbegu ya mazao yaliyovunwa isiote kabisa. Dunia ikapiga kelele, mwaka 1999 kampuni kubwa ya mbegu ya Monsanto wakatangaza hawataiingiza sokoni, mwaka 2000 nchi zilizo kwenye mkataba wa bioanuwai zikakubaliana isiruhusiwe mashambani. Haijawahi kuuzwa popote. Lakini wazo lilikuwepo, limeandikwa, limesajiliwa. Kwa hiyo mtu akikuambia hao wazungu walitaka kutufungia mbegu, ukimjibu wewe huna elimu, umemkosea, maana kuna kipande anacho.

GMO yenyewe sasa. Ni pale mtaalamu anapochukua kipande cha kinasaba, mara nyingi cha kiumbe kingine kabisa, akakiingiza kwenye mmea maabara. Mfano unaojulikana zaidi ni Bt, kinasaba kimetoka kwa bakteria wa udongoni, kikiwa ndani ya hindi au pamba mmea unatengeneza protini inayotoboa utumbo wa kiwavi akila. Tumbo la kiwavi na la mtu ni vitu viwili, protini inahitaji mazingira na mlango maalumu ambao sisi hatuna, kwetu inameng'enywa kama protini nyingine. Kwa mtu aliyeona viwavijeshi vamizi walipoingia nchini 2017, unaamka asubuhi shamba limekuwa chekecheke, hilo siyo jambo la kudharau.

Hapa Tanzania hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima. Haipo, hata yangu ya pinki siyo. Ila majaribio yalikuwepo. Tuliingia kwenye Itifaki ya Cartagena, ule mkataba wa usalama wa hivi viumbe, mwaka 2003, tukatunga Sheria ya Mazingira 2004, zikafuata kanuni 2009 zilizokuwa kali, kwamba ukileta GMO ikadhuru unalipa, hata kama hukufanya uzembe wowote. Watafiti wakasema kwa sharti hilo hakuna atakayethubutu, 2015 zikalegezwa upande wa utafiti. Oktoba 2016 mahindi ya kustahimili ukame yakapandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 wizara ya kilimo ikaagiza majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa wakati huo, Profesa Mkenda, akatangaza kufuta kabisa hayo majaribio.

Sasa kaa uyasikie hayo ukiwa Inyala, au Mafinga, au Ludewa huko ndani. Unasikia redioni kuna mahindi yamepandwa ndani ya uzio. Kimya miaka miwili. Unasikia yameamriwa yachomwe. Wewe ungewaza nini? Mi nilimsikia mama mmoja kwenye daladala ya Mwanjelwa akisema kwa uhakika kabisa, kumbe yalikuwa na sumu ndo maana wakachoma. Na huwezi kumlaumu. Uamuzi wa kusimamisha unaweza kuwa na sababu kumi, za kisheria, za kisiasa, za soko, lakini usipozisema kwa lugha ya sokoni, watu wanachukua ya kumi na moja. Huo mkataba wa Cartagena kifungu cha 23 kinasema nchi ziwaelimishe wananchi, ziwashirikishe kwenye maamuzi, na ziwape matokeo. Nilikisoma mara mbili kwa sababu sikuamini kipo.

Wenzetu Kenya nao. Septemba 2012 watafiti wa Ufaransa walitoa utafiti wa panya waliolishwa mahindi ya GMO, na picha za panya wana mavimbe makubwa. Novemba mwaka huo huo Kenya ikazuia kuingiza vyakula vya GMO. Mwaka uliofuata jarida lenyewe likaufuta ule utafiti, panya walikuwa kumi kumi tu kwa kundi na ni aina ambayo ikizeeka inaota uvimbe hata ikilishwa nini. Jarida lingine likauchapa tena 2014, ubishi ukaendelea, na marufuku ya Kenya ikakaa hadi Oktoba 2022, baada ya hapo kesi mahakamani. Zile picha za panya ninazo kwenye simu hadi leo, nimetumiwa mara tatu. Habari ya kufutwa sijawahi kutumiwa hata mara moja, maana haina picha. Unaona ni kuku wa mzee tena? Kitu kimekufa mbele ya macho yako, nani atakuja na maneno akushinde.

Nanenane ya pale viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, sikumbuki ulikuwa mwaka gani ila vumbi nalikumbuka, niliingia banda moja la kuelezea GMO, sitalitaja. Kijana kavaa fulana nzuri, ana meza, ana vipeperushi. Mama mmoja wa makamo na khanga yake kiunoni akauliza, "Mwanangu, nikipanda hii karibu na mahindi yangu ya asili si yatachanganyika?" Swali la akili kuliko yote niliyosikia siku ile. Kijana akatabasamu akasema mama msiogope sayansi, hizi zimethibitishwa ni salama. Watu wakacheka kidogo. Mama akapokea kipeperushi, kilikuwa cha Kiingereza, akakikunja mara nne akakiingiza kwenye pochi, nadhani alipofika nyumbani aliwashia moto.

Yeye aliuliza shamba, akajibiwa tumbo. Kila siku ndo hivyo. Upande mmoja unapiga kelele itatuua, upande mwingine unajibu haiwezi kukuua, na mkulima amesimama katikati ana maswali mengine kabisa ya mbegu ya mwakani, ya jirani, ya nani atanunua.

Upande wa kula mi sina hofu kubwa, niseme wazi, mnitukane kama mnataka. Marekani wamelima soya na mahindi ya hivyo tangu 1996, Afrika Kusini wanakula ugali wake miaka zaidi ya ishirini, na Shirika la Afya Duniani linasema zilizoko soko la kimataifa zimepimwa na hazielekei kuleta madhara kwa mlaji, ila kila moja ipimwe peke yake. Sawa. Ila nenda Burkina Faso. Walianza pamba ya Bt 2008, wadudu wakapungua kweli, wakulima wakafurahi, halafu nyuzi zikawa fupi, bei sokoni ikaumia, kufikia 2016 wakawa wanaiacha. Hakuna aliyekufa. Walipoteza hela. Afrika Kusini nako funza wa mabua walishaanza kuizoea Bt, ikaripotiwa 2007. Hizi ndo habari mkulima anazitaka, na ndo hazimo kwenye kipeperushi wala kwenye voisi ya muhubiri.

Na sisi wa huku tuko mpakani, watu wa Dar wanasahau. Malawi waliruhusu pamba ya Bt 2018, na Malawi ni hapo Kasumulu tu. Bahati, au sijui niite nini, pamba kwetu Nyanda za Juu Kusini ilizuiwa tangu enzi za mkoloni sababu ya funza mwekundu, kwa hiyo hilo halitugusi sana. Mahindi ndo yanatugusa. Mwaka 2002 Zambia wana njaa, Rais Mwanawasa akakataa mahindi ya msaada yenye GMO. Zimbabwe wakakubali kwa sharti yasagwe kwanza. Mzee nilipomwambia hiyo ya kusaga akapiga paja. "Hao wana akili. Punje ni chakula, punje ni mbegu. Ukisaga umeua mbegu, umebakiza ugali." Mimi ilinichukua semina nzima na google juu yake kufika hapo, yeye dakika moja.

Tulikaa karibu saa nzima, wateja wanachungulia mlangoni wanaondoka, hasara yangu. Mwisho akanunua mfuko ule ule, kilo mbili, akaukwangua lebo mwenyewe akanipa simu nimhakikishie namba, ikarudi meseji ya jina la mbegu, akaisoma kwa sauti. Nikamwambia ukimaliza kupanda nawa mikono na sabuni, mfuko fukia usihifadhie chumvi, na punje zikibaki usimwage uani. Akarudia yote, moja moja, kama mtoto anasomeshwa. Akasema ndaga, yaani asante.

Nikajua tumemalizana. Akafika mlangoni, akageuka.

"Sasa kuku wangu nani analipa?"

Nikaanza kumweleza kwamba mzee ile siyo GMO, sheria ile ya fidia ni ya GMO, hii ni dawa, onyo lilikuwepo kwenye mfuko. Akanisikiliza hadi mwisho, akanyoosha kidole kwenye kile kifuvu kidogo kama punje ya mtama, akanyoosha kwangu, hakusema kitu.

Nimemlipa elfu ishirini, ya tetea. Jogoo bado tunabishana, anasema alikuwa wa mbegu.